Nyoyo, ndengu au kuku? Chungu kimoja cha kupikwa polepole kwa nyumba yenye mgonjwa wa sukari

Mama mkwe wangu alipopatikana na kisukari, kosa la kwanza tulilofanya nyumbani ni kumpikia kando. Sisi tulikuwa na ugali wetu na samaki, ngege wa kukaanga. Yeye alikuwa na kisufuria chake, majani ya kunde yaliyochemshwa bila chumvi na kipande cha nduma. Siku ya nne aliisogeza sahani pembeni, akanitazama, akauliza, "Nyar Kakamega," yaani binti wa Kakamega, "nimewakosea nini?" Sikuwa na jibu la kumpa. Usiku huo mimi na mume wangu tulikubaliana kwamba nyumba hii itakula chungu kimoja.

Tangu hapo nimekuwa nikikitafuta chungu hicho. Kimshibishe mume wangu anayerudi jioni kutoka mjengoni, kiliwe na mtoto wa miaka sita bila kubembelezwa, na kisimpandishe Mama sukari. Na kwa kuwa natoka hapa Migosi, mtaa wa Kisumu, alfajiri kwenda kwenye cherehani yangu na kurudi giza linapoingia, lazima kiwe chakula kinachoiva polepole bila mtu wa kukisimamia. Nimejaribu vifaa vinne na mapishi mengi. Nayaweka hapa bega kwa bega, pamoja na makosa yangu, ili uchague kinachofaa nyumba yako.

Kwanza kipimo chenyewe. Mwaka 1981, Dkt. David Jenkins na wenzake mjini Toronto, Kanada, walianza kupanga vyakula vya wanga kulingana na jinsi vinavyopandisha sukari ya damu. Glukosi ikapewa 100. Chakula cha 55 kushuka chini huhesabiwa kuwa cha polepole, 56 hadi 69 cha kati, na 70 kwenda juu ni cha kasi. Wataalamu hukiita glaisemiki indeksi. Maharagwe mekundu huwa karibu 24, kamande karibu 32, nduma ya kuchemsha karibu 53, viazi vitamu vya kuchemsha karibu 63, wali mweupe karibu 73, na viazi mbatata vya kuchemsha karibu 78. Namba hizi huyumba kwa aina ya mbegu, ukomavu na mapishi, na hayo mapishi ndiyo yaliyo mikononi mwetu.

Maharagwe yana ukuta mgumu unaoufungia wanga ndani ya kila chembe. Hata yakiiva mpaka yalainike mdomoni, sehemu kubwa ya ukuta huo hubaki, na tumbo linalazimika kufanya kazi kuufikia wanga. Viazi na mchele ni kinyume: ukivipika muda mrefu ndani ya maji, wanga huvimba, hupasuka na kuwa rahisi kugeuka sukari. Unga wowote uliosagwa laini umeshavunjwa kinuni kabla haujafika kwako. Basi moto wa polepole huzifaa jamii za kunde, nafaka nzima, nyama ngumu na baadhi ya mboga. Wali na viazi mbatata hauvifai.

Kifaa gani kwa nyumba gani

Sufuria ya umeme ya kupika polepole, ile yenye chungu cha kauri ndani na kifuniko cha kioo, ndiyo inayosifiwa zaidi mitandaoni. Inatumia umeme kidogo: yenye wati 200 ikiwaka saa 8 mfululizo hula uniti 1.6, na hapo kila mtu anaweza kuzidisha kwa bei aliyonunulia tokeni. Unaweka vitu asubuhi, unafunika, unaenda. Kwa mtu anayekaa nje saa kumi au kumi na mbili, hakuna kifaa kingine hapa kinachofaa kuachwa peke yake muda huo.

Lakini stima ya Kisumu tunaijua. Ikipotea ukiwa nyumbani, unahamishia chakula kwenye gesi au makaa na mambo yanaendelea. Ikipotea ukiwa kazini na hujui ilikaa muda gani, chakula hicho ni cha kutupwa, hata kama kinaonekana kimeiva na kinanukia vizuri. Vijidudu huzaliana chakula kinapokuwa kati ya digrii 5 na 60, na pua haiwezi kukuonyesha. Nimewahi kumwaga kuku mzima kwa sababu hiyo, baada ya kurudi na kukuta saa ya ukutani ya umeme inawaka sifuri. Iliniuma, lakini nyumbani nina mzee mgonjwa na mtoto mdogo.

Kikapu cha joto, ambacho wengine hukiita jiko lisilo na moto, ndicho ninachokitumia zaidi. Changu ni kikapu kikubwa nilichonunua soko la Kibuye, nikakizungushia ndani blanketi kuukuu na matambara ya cherehani, nikashona mto mnene wa kufunika juu. Unachemsha sufuria kwa nguvu kwenye moto, unaitumbukiza na kifuniko chake, unakandamiza mto, na chakula kinaendelea kuiva kwa joto lake chenyewe. Hakili tokeni wala makaa, na hakiunguzi chakula hata ukisahau. Masharti yake ni matatu: sufuria ijae angalau robo tatu, maana chakula kidogo hupoa upesi, usifungue kuchungulia, na isikae humo zaidi ya saa nne au tano kabla ya kuchemshwa tena. Kwa hiyo kikapu ni cha mtu anayerudi nyumbani mchana, au nyumba yenye mtu mzima wa kukitoa. Mama ndiye mlinzi wa kikapu chetu siku hizi, na amelipenda jukumu hilo.

Chungu cha udongo juu ya jiko la makaa au mafiga kina ladha ambayo vingine vyote havina, hilo sitabishana na mtu. Ila kinataka mtu, kinataka makaa, na moshi wa kuni kwa mwenye kifua si jambo dogo. Nakiweka kwa ajili ya wikendi. Presha kuka huivisha maharagwe yaliyolowekwa kwa nusu saa hivi, ukichelewa, itumie. Maharagwe ya presha hulainika na kupondeka zaidi, na yaliyopondeka hugeuka sukari upesi kidogo, lakini bado yako chini kabisa ukilinganisha na wali.

Nyoyo na ndengu

Hapa ndipo ningetaka ukae nami zaidi, kwa sababu mikunde ndiyo iliyobadilisha daftari la Mama. Yeye hupima kabla ya kula na saa mbili baadaye, na lengo alilopewa kliniki ni kubaki chini ya 10 (milimoli kwa lita) baada ya chakula. Siku za nyoyo na siku za ndengu zinafika hapo. Siku za wali hazifiki.

Nyoyo, yaani pure au githeri kwa majirani zetu, ina mahindi makavu mazima na maharagwe. Mahindi hayo ni yaleyale ya ugali, ila punje haijavunjwa, na maharagwe huchukua nafasi ya nusu ya wanga. Sisi huweka maharagwe mawili kwa mahindi moja, kinyume na ilivyozoeleka shuleni ambako mahindi hujaa na maharagwe huhesabika. Chagua mahindi punje kwa punje. Yenye ukungu au rangi ya ajabu tupa, kwa sababu sumukuvu haifi kwa moto, hata ukipika siku nzima.

Sasa sikiliza kwa makini jambo la maharagwe mekundu na sufuria ya umeme. Maharagwe mabichi yana sumu ya asili iitwayo lektini. Punje nne au tano tu ambazo hazijachemka vizuri zinaweza kumtapisha mtu ndani ya saa moja hadi tatu. Kuchemsha kwa nguvu huivunja. Joto la chini halitoshi, na likifika kama digrii 80 tu linaweza kuizidisha sumu hiyo mara kadhaa kuliko ilivyokuwa kwenye punje mbichi. Mimi sikulijua hilo. Kijitabu kilichokuja na sufuria hakikuandika neno. Nililoweka maharagwe usiku, asubuhi nikayatia moja kwa moja na maji mapya, nikaweka moto wa chini, nikaenda kazini. Jioni yalikuwa magumu kidogo katikati, tukala hivyo hivyo. Usiku ule mwanangu alitapika mpaka akaishiwa nguvu, na Mama, ambaye alikuwa ameshameza dawa ya sukari, alitapika chakula chote. Nilikaa naye hadi alfajiri nikimpa uji kijiko kimoja kimoja na kumpima kila saa.

Kwa hiyo fanya hivi, kwa kifaa chochote utakachochagua. Loweka usiku kucha, mwaga maji yale, tia mapya, chemsha yakitokota kwa dakika 30 kwenye moto halisi, kisha ndipo uhamishie kwenye sufuria ya umeme au kikapu. Wengi husema dakika 10 zinatosha, na pale maji yanapochemka kwa digrii 100 zinatosha. Lakini Kisumu iko mita 1,100 hivi juu ya usawa wa bahari na maji yetu huchemka karibu digrii 96. Nakuru, kwa dada yangu, ni mita 1,850 na maji huchemka karibu digrii 94. Ndiyo sababu pia maharagwe yaleyale huchelewa kuiva kwake kuliko kwangu, na kikapu chake hupoa mapema usiku wa Julai. Yeye huongeza nusu saa ya moto mwanzoni na blanketi moja zaidi.

Baada ya hapo, nyoyo kwenye sufuria ya umeme inataka saa 8 za moto wa chini. Kwenye kikapu, mahindi yachemke saa nzima, yakae saa nne, yachemshwe tena kabla ya kuliwa. Nyanya na ndimu tia mwishoni, kwa maana uchachu hukaza ganda la maharagwe. Magadi hulainisha upesi, lakini huongeza sodiamu, na wagonjwa wengi wa sukari wana presha pia. Mimi nimeacha.

Ndengu, ambazo Pwani huziita pojo, ziko katika kundi lilelile la polepole na zina faida ya haraka. Zikilowekwa saa chache huchemka dakika 15, zikakaa kwenye kikapu saa mbili, basi. Sufuria ya umeme ya saa 8 ni kuzionea: zinageuka uji, ganda linaelea juu, na mtoto anakataa kula. Kati ya nyoyo na ndengu, siku ya kazi ndefu nachagua nyoyo kwenye umeme. Siku niliyopo, ndengu kwenye kikapu na karanga za kusaga kijiko kikubwa kimoja. Mtoto wangu hula ndengu zaidi. Mume wangu anasema nyoyo ndiyo inayomfikisha asubuhi.

Na kuna njugu mawe, ambazo kwetu Kakamega tunaziita tsimbande. Ni ngumu kweli, na kwenye makaa zilinimalizia debe. Ndani ya sufuria ya umeme, baada ya kulowekwa usiku na kuchemshwa nusu saa kama maharagwe, hulala humo mchana kutwa na kutoka laini na zenye utamu wa karanga za kuchemsha. Kama utanunua sufuria hiyo kwa sababu moja tu, iwe hii.

Nyama

Nyama, kuku na samaki havina wanga, kwa hiyo glaisemiki indeksi haivihusu. Vinachohitaji ni mwenza mzuri. Kuku wa kienyeji mzee, jogoo aliyekomaa mapaja, ndiye hasa wa moto wa polepole: saa 6 hadi 8, maji kidogo sana kwa kuwa sufuria iliyofunikwa haipotezi mvuke, tangawizi, kitunguu, majani ya dania. Kuku wa kisasa husambaratika kabla ya saa nne. Matumbo na aliya, ile nyama ya kukaushwa juani, pia hufaidi sana. Nyama iliyoganda iache iyeyuke kwanza kwenye friji, vinginevyo itakaa katika joto la hatari muda mrefu. Samaki usimweke humo. Ngege au mbuta huvunjika akawa supu yenye miiba, na omena ni chakula cha dakika ishirini.

Dada yangu wa Nakuru hawezi kupika mchuzi bila viazi. Tulikubaliana hivi: kiazi kimoja kwa kila mtu badala ya vitatu, nafasi iliyobaki ijazwe na minji, karoti na malenge. Malenge wanga wake huenda kwa kasi, lakini ni mchache kwa kila kipande kwa sababu sehemu kubwa ni maji, kwa hiyo kipande cha kiasi hakileti mzigo mkubwa. Hiyo ndiyo tofauti kati ya kasi na mzigo: kasi huzidishwa kwa gramu za wanga ulizokula, ukagawa kwa 100. Ukipata 10 au chini ya hapo, mzigo ni mdogo. 20 kwenda juu ni mkubwa. Hesabu hii inawahusu hata wapenzi wa nyoyo, maana bakuli tatu za chakula cha polepole bado ni mzigo.

Viazi vitamu, nduma na mtama

Viazi vitamu vilinidanganya. Watu huvipanga vizima ndani ya sufuria ya umeme bila maji, wakavikuta jioni vinatoa utomvu mtamu kama asali. Utamu huo ni sukari iliyotengenezwa humo humo: kiazi kinapopita polepole kwenye joto la kati, kimeng'enya chake kinaugeuza wanga kuwa maltosi. Kwa mtu wa sukari, kiazi kitamu ni cha kuchemsha ndani ya maji na maganda yake, kitolewe kikiwa bado kimeshikana. Usikichome, na usikiweke kwenye moto wa polepole. Nduma ni bora zaidi yake na huvumilia kikapu vizuri, saa mbili baada ya kuchemka dakika ishirini.

Wali wa Ahero tunaupenda, na unabaki kuwa chakula cha Jumapili, kiasi cha ngumi moja, ukiwa na ndengu nyingi pembeni. Katika sufuria ya polepole hugeuka bokoboko, na hapo umeupa kasi zaidi. Badala yake jaribu mtama mzima, ambao haujasagwa. Uloweke usiku, uchemke dakika ishirini, ukae kwenye kikapu saa tatu au nne. Punje zinabaki moja moja, zinatafunika. Mama alicheka alipouona mara ya kwanza, akasema tunakula chakula cha ndege. Sasa ndiye anayeuliza umekwisha lini. Na wale wanaonunua unga wa kahawia wakidhani rangi imewaokoa, nawaomba mkumbuke kwamba unga uliosagwa laini hukimbia kuliko nafaka nzima, uwe wa mtama, wa wimbi au wa mahindi.

Mboga ni fupi. Osuga na saga, zenye uchungu, hupendeza zikipikwa taratibu na maziwa, na kikapu huzifanyia hivyo bila kuunguza maziwa. Mrenda na sukuma zipike dakika chache, karibu na kula. Nusu ya sahani ya kila mtu iwe mboga, robo wanga, robo nyama au mikunde, na hapo sina wa kumpikia kando.

Jambo la mwisho kabla hujabadilisha chakula cha mgonjwa wako: kama anatumia insulini au vidonge vya kushusha sukari kama glibenklamaidi, mwambie mhudumu wa kliniki kabla, kwa kuwa dawa ileile na wanga mdogo zaidi vinaweza kumshusha kupita kiasi. Jasho la ghafla, kutetemeka na maneno kupotea ni dalili za kumpa kitu kitamu hapo hapo.

Ningekuwa naanza upya leo na pesa kidogo, ningeshona kikapu kwanza. Gharama yake ni kikapu chenyewe, na matambara yapo kila nyumba. Sufuria ya umeme ningeinunua baadaye, kwa ajili ya siku za kutwa nzima, tsimbande na jogoo mzee. Nyumba ambayo hakuna mtu mchana, na stima haisumbui sana mtaani, ianze na ya umeme.

Leo ni Jumapili jioni. Kwenye beseni kando ya mlango kuna tsimbande zinalowa, na Mama ameketi kwenye kigoda na mjukuu wake, wanaondoa mawe madogo na punje zilizotobolewa. Mtoto anahesabu kwa sauti, Dani, yaani bibi yake, anamrekebisha akiruka namba.